Mtungi Uliorudi Nyuma

Pyo Deok-su alikuwa ameshapiga magoti kwenye mto wa kukalia, mikono juu ya mapaja, akisubiri kuulizwa maswali ya ubatizo, pua yake ilipomwambia kwamba ndani ya chumba kile kidogo kuna mtu amekunywa.

Pua hiyo haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa ikimwambia, angali kwenye kona ya barabara, kama Bong-gu dukani kwake amefungua chupa ya soju, ile pombe kali, au dumu la pombe ya mchele, na kama ni ya mchele, iliiva jana au juzi. Lakini majira ya baridi yaliyopita daktari wa mjini alimwonyesha picha ya ini lake, akamwambia kwamba ini hilo limechoka kutaniwa. Deok-su akaacha kabisa, na pua ikakosa ajira. Leo imepata kazi, tena kanisani.

Sasa nani? Mchungaji Tak? Huyo alizaliwa na mchungaji, akaoa binti wa mchungaji, na kitu kikali alichowahi kunywa maishani ni chai ya tangawizi. Alibaki mtu mmoja tu, ameketi kando ya mchungaji, mgongo umenyooka kama mlingoti, miwani imeteleza hadi ncha ya pua: Mama Shemasi Noh.

Deok-su alitaka kucheka, akajikohoza. Mama Noh ndiye aliyemlazimisha Bong-gu ageuze friji la soju liangalie ukuta. Mumewe alikuwa amekufa kwa pombe, na tangu amzike, miaka arobaini sasa, Mama Noh alipigana na pombe kama mtu anayedai kilichoibwa kwake. Likitokea tangazo la bia kwenye televisheni, alifumba macho mpaka liishe.

"Pyo Deok-su," akaanza Mama Noh, kwa sauti iliyowahi kukomesha harusi tatu zisizo na adabu. "Tangu uanze kuja kanisani, umeonja pombe?"

"Sijaonja, Mama Shemasi."

"Hata ile ya kutambikia kaburini kwa wazazi wako?"

"Niliimwaga yote kwenye nyasi. Sikulamba hata kidole."

"Kidole kilitaka?"

"Kidole kilitaka sana, Mama Shemasi."

Mchungaji Tak akainamisha uso. Mama Noh yeye akacheka waziwazi, akacheka mpaka akajishika mbavu, mashavu yamemwiva kama matunda ya persimoni ya mwezi huo. Kanisani wekundu huo waliuita uso wa neema. Waumini walisema mama huyu amezeeka vizuri, kila mwaka anazidi kuchangamka. Ni kweli pia kwamba alikuwa akipepesuka, na juzi juzi alianguka kwenye ngazi za kanisa akapasuka nyusi; lakini hayo waliyaandikia uzee.

"Jibu la kweli," akasema, akijifuta machozi. "Mchungaji, huyu tumbatize. Jumapili, sikukuu ya mavuno. Na maji ya zabibu ya Meza ya Bwana natoa mimi, kwenye mtungi wangu." Akanyoosha mkono nyuma yake, akachukua bakuli dogo, akamimina kitu cheusi chenye kung'aa. "Karibu, Baba Mi-gyeong. Dawa hii. Ya tumbo, ya mifupa, ya moyo. Mimi nakunywa bakuli kila baada ya chakula, nateremshia na vidonge vyangu vya presha."

Kukataa bakuli la mkubwa ni utovu wa adabu. Deok-su alilipokea kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni kama inavyotakiwa, akatia funda moja kinywani.

Ulimi wake ulisimama wima.

Aliwaaga kwa kuinama, mara tatu, bila kufungua mdomo, mashavu yametuna kama ya mpiga tarumbeta. Alitembea hivyohivyo mpaka nje ya uzio wa kanisa, akautemea mti wa persimoni kila alichokuwa nacho, kisha akauangalia ule mti kwa wivu.

*

Bok-nye, mkewe, alikuwa uani akipasua kabichi za kuchachusha na pilipili, za kimchi ya msimu wa baridi. Alikuwa amevaa glavu nyekundu za mpira mpaka viwikoni, kisu mkononi, na kabichi zimemzunguka kama mkutano wa hadhara.

"Fungua kinywa."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu ya nyumba ile tangu ini lipigwe picha. Deok-su akafungua. Bok-nye akasogeza pua, akavuta pumzi, akaruka nyuma kama mtu aliyefunua sufuria akakuta panya.

"We mzee!"

"Mama Mi-gyeong, ngoja nikwambie."

"Umetoka wapi?"

"Kanisani."

"Kanisani, enhe. Na mimi nimetoka mwezini, nimeingia sasa hivi."

"Haki ya Mungu nimetoka kanisani! Amenipa Mama Noh."

Bok-nye akakiweka kisu chini polepole, na hilo lilimtisha Deok-su kuliko kama angekiinua.

"Ungesema Bong-gu amekukamata akakumiminia kwa nguvu, ningekusikiliza. Ungesema umetumbukia kwenye pipa, ningekupa taulo. Lakini Mama Noh? Hivi kweli, mzee, katika watu wote wa kijiji hiki, umekosa wa kumsingizia?"

"Sikumeza. Nimetema kwenye mti. Nenda ukaunuse."

"Nikanuse mti! Niende mbele ya kanisa, mtu mzima mimi, nikaanze kunusa miti!" Akavua glavu moja. "Sikiliza. Nilikwambia hospitalini, na leo ni mwisho. Siku ukirudia chupa, nakwenda Seoul kwa mwanao Mi-gyeong, na kimchi nabeba yote. Utabaki hapa na ini lako, mpikiane."

Deok-su alijua kwamba hatanii. Shati jeupe la ubatizo lilikuwa limeshapigwa pasi, linaning'inia ukutani, na kila jioni Bok-nye alilipapasa kola kana kwamba ndani yake kuna mume mpya ambaye hajafika bado. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akienda ibadani peke yake na kurudi peke yake. Mwaka huu mumewe alikaa pembeni yake kwenye benchi, mara nyingi amelala, lakini amekaa.

Akavuta kigoda, akachukua kabichi moja, akaanza kuipasua ili mikono iwe na la kufanya.

"Nikuulize kitu kimoja tu. Zile zabibu anazitengenezaje?"

"Kama kila mtu. Zabibu na sukari, sawa kwa sawa, unafunika, unasubiri." Bok-nye akasogeza kabichi nyingine. "Ila muuguzi Ban alimwambia sukari yake ya damu imepanda. Kwa hiyo sasa anatia kidogo tu. Alituhubiria na sisi: sukari ni sumu, tujali afya."

"Na mtungi anauweka wapi?"

"Chumbani, kwenye sakafu inayopashwa moto. Magoti yanamsumbua, hawezi kutoka uani kila…"

Hakumaliza. Bibi yake Bok-nye alikuwa mpikaji wa pombe ya magendo, enzi za serikali kukataza watu kuipika majumbani. Alifichia mitungi chini ya blanketi hapohapo kwenye sakafu ya moto. Bok-nye alikuwa mtoto aliyeambiwa alalie blanketi hilo maaskari wakija. Alijua vizuri tunda lisilo na sukari ya kutosha linafanya nini likipewa joto.

Wakatazamana juu ya kabichi.

"Hapana," akasema Bok-nye. "Usinitie kwenye dhambi zako. Mama Noh!"

"Alianguka ngazini."

"Ana umri."

"Anakunywa bakuli tatu kwa siku, Mama Mi-gyeong, juu ya vidonge vya presha. Daktari anamwongezea vidonge, yeye anaongeza bakuli. Siku moja hataangukia nyusi tu."

Bok-nye akavaa tena glavu yake. "Ulimi wako siuamini, mzee. Umenidanganya miaka mingi mno. Tafuta ulimi mwingine useme, nami nitakwenda na wewe kumwambia."

*

Ulimi mwingine! Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kanisa zima halikuwa na mtu wa kuonja. Wazee walikuwa wameacha pombe siku nyingi hata wamesahau ladha yake, na vijana walizaliwa ndani ya kukatazwa. Kila mwezi walikunywa kikombe kile kidogo cha Meza ya Bwana, wakasikia joto likishuka kifuani, wakasema amina.

Kwa hiyo Alhamisi Deok-su alikwenda kwa Mama Noh kuomba "dawa kidogo ya tumbo", na mama wa watu akafurahi, akampa chupa nzima. Tatizo lilikuwa chupa yenyewe. Mama Noh alikuwa na desturi ya kuokota chupa za kijani za soju barabarani, akaziosha, akaziombea, akazijaza zabibu zake. Aliziita chupa zilizookoka. Lakini wokovu huo haukuonekana kwa nje. Deok-su alipita katikati ya kijiji mchana kweupe na chupa ya kijani chini ya koti, akielekea dukani kwa Bong-gu, na kila aliyemwona alitikisa kichwa.

"Kaka!" Bong-gu akainuka kwenye kitanda cha mbao mbele ya duka. "Nilijua utarudi. Nilimwambia hata mke wangu, kaka Deok-su si mtu wa kupotea hivihivi."

"Sijarudi. Onja hii, halafu uniambie ni nini."

Bong-gu akamimina kwenye glasi, akaonja. Akafumba macho. Akaonja tena. Akaizungusha glasi kwenye mwanga.

"Nani amepika hii?"

"Sema kwanza ni nini."

"Ni divai, kaka. Tena divai yenye akili. Inaingia kama binti wa shule, ikifika kooni inavua viatu." Akajimiminia nyingine. "Umeipata wapi?"

"Ndiyo ya Meza ya Bwana."

Bong-gu akaitazama glasi, akalitazama paa la kanisa kule juu kilimani, akaitazama glasi tena.

"Ibada ni saa ngapi?"

Deok-su hakupata nafasi ya kujibu. Kutoka upande wa mtoni ulisikika mlio wa kigari cha umeme, vile vigari vya wazee vya magurudumu manne, na juu yake alikuwa Mama Noh ametoka kula chakula cha mchana, anaimba pambio. Kigari kilikuwa kinaandika barabara kama mtoto anayejifunza herufi: kushoto, kulia, kushoto. Kilipokaribia duka, Mama Noh akaona. Aliona chupa ya kijani. Akaiona na glasi. Akamwona Bong-gu amefumba macho kwa raha, na kando yake mtu wa kubatizwa Jumapili.

"PYO DEOK-SU!"

Akainua mkono kumnyooshea kidole, na mkono huo ndio uliokuwa umeshika usukani. Kigari kikakata kona peke yake, kikaingia kwenye rundo la kabichi za kuuza zilizopangwa kando ya duka. Kabichi zikaporomoka. Zilipotulia, Mama Noh alionekana kichwa na mabega tu, miwani imekaa upande.

"Nani ameweka kabichi barabarani?" akauliza kwa ukali.

Zilikuwa hatua kadhaa nje ya barabara. Deok-su alikimbia kumfukua, na alipoinama aliona kitu kilichomwondolea kicheko chote: nyuma tu ya kabichi zile kulikuwa na mfereji wa kumwagilia mashamba, wa zege, mkavu, wenye kina cha mtu mzima. Harufu ya zabibu ikampiga usoni.

"Mama Shemasi, umeumia?"

"Niache! Usiniguse na mikono yenye pombe." Akajisimamia mwenyewe, akayumba, akashika mlango wa duka. "Nilikusemea mimi. Mbele ya mchungaji nilikusemea. Jumapili hubatizwi, na mkeo namwambia mwenyewe leo hii."

Akapanda kigari chake, akaondoka, jani la kabichi limemkaa begani kama cheo cha jeshi.

*

Bok-nye alipata habari kabla mumewe hajafika nyumbani. Alimnusa, hakusikia kitu, akamnusa tena. Lakini sanduku lake la safari lilikuwa limeshushwa kutoka juu ya kabati. Halikuwa na nguo ndani. Limekaa tu pale katikati ya chumba, linamwangalia.

"Bong-gu ameonja," akasema Deok-su. "Amesema ni divai."

"Ushahidi wa Bong-gu," akasema Bok-nye, "ni kama ushahidi wa paka juu ya samaki."

Kesho yake ilikuwa siku ya afya ya wazee kwenye jumba la kijiji. Muuguzi Ban alikuja na mashine yake ya presha, kama kawaida, na safari hii alifuatana na askari kijana kutoka kituo cha tarafa. Baada ya mavuno wazee walikuwa wakinywa mashambani kisha wanaendesha matrekta madogo mpaka ndani ya mito, ndipo askari akaletwa awaonye. Mkononi alikuwa na kile kidude cha kupuliziwa kinachotambua pombe.

Kijiji kizima kilikuwa kimeketi sakafuni, migongo ukutani. Muuguzi Ban alipima mmoja mmoja, na kila mmoja alimwuliza: mzee unakunywa? kiasi gani? Alipomfikia Mama Noh, presha ilimkunjisha uso.

"Mama, hivi vidonge unavimeza kweli?"

"Kila mlo."

"Kizunguzungu?"

"Kidogo. Asubuhi nikiamka."

Muuguzi akaandika. Swali la pombe aliliruka. Kumwuliza Mama Noh swali hilo kungekuwa sawa na kumwuliza mchungaji kama ana mke wa pili.

Askari alipomaliza hotuba yake akainua kidude. "Nani atajitolea tuonyeshe mfano?"

"Huyo," akasema Mama Noh, kidole kikimwelekea Deok-su. "Apulize huyo. Jana nimemfuma na chupa."

Watu wote wakageuka. Bok-nye akaangalia magoti yake. Deok-su akainuka, akaenda mbele, akavuta pumzi, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Sifuri," akasema askari.

Ukumbi ukavuma. Bok-nye akainua kichwa. Bong-gu, aliyekuwa karibu na mlango kwa sababu zake, akaanza kupiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha.

"Hiyo ni ya jana, imeshatoka," akasema Mama Noh. "Au kidude chenyewe kibovu. Lete hapa! Lete nipulize mimi, kijue usafi ukoje."

Akajiinua kwa kushika ukuta, mashavu mekundu, ametoka kupata kifungua kinywa na dawa yake. Watu walicheka kwa mapenzi. Askari akabadilisha mrija, akamnyooshea kidude.

Deok-su alikuwa amesimama palepale kati yao. Angekaa kimya tu. Kupumua mara mbili tu na kila kitu kingekaa sawa: mkewe angejua, kijiji kingejua, na yule mama aliyemwita mlevi mbele ya watu angepiga kengele kama gari la zimamoto. Alikuwa na hamu ya kuisikia kengele hiyo kuliko alivyowahi kuwa na hamu ya soju.

Akamwona Mama Noh akipanga midomo yake, taratibu, kwa heshima, kama anayejiandaa kuimba.

Akakinyakua kidude, akakitia mfukoni mwa koti lake.

"Mzee!" akasema askari. "Hiyo ni mali ya serikali!"

"Mama Shemasi," akasema Deok-su, "naomba tuongee nje. Tafadhali sana. Nikishaongea nawe unifanye utakavyo."

Mama Noh alitaka kukataa, lakini aliutazama uso wake, na uso ule haukuwa wa mlevi wala wa mshindi. Akatoka naye.

*

Nyuma ya jumba kulikuwa na mitungi ya kijiji, ya soya na ya pilipili, imejipanga juani. Mama Noh akakaa kwenye ukingo wa jiwe.

"Haya. Tubu."

"Mama Shemasi," akaanza Deok-su. Njia nzima alikuwa akitafuta namna, na yote aliyoyapata yalikuwa matusi. Mwishowe akachukua lugha ya kanisani kwao, aliyojifunza mwaka huu. "Kuna aliyerudi nyuma."

"Najua. Nilimwona."

"Siyo mimi. Mtungi wako."

"Unasemaje?"

"Mtungi umerudi nyuma kiroho, mama. Ulianza vizuri. Ulikuwa mtungi wa sala. Lakini uliupunguzia sukari, ukaupa joto, na huko gizani, peke yake, ukaasi. Zile siyo zabibu tena."

Alitazamia kofi. Mama Noh hakumpiga. Midomo yake ilienda taratibu, na Deok-su akaona jinsi anavyohesabu ndani kwa ndani: ngazi, kabichi, asubuhi za kizunguzungu.

"Unanidhihaki."

"Jana nilipeleka kwa Bong-gu ithibitishwe. Mimi sikunywa. Bong-gu ameuliza ibada ni saa ngapi."

Hapo ndipo alipoamini. Akashusha miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akairudisha, akaivua tena.

"Tangu lini?"

"Sijui. Pengine tangu uanze kuwa na uso wa neema."

Upepo ukapita juu ya vifuniko vya mitungi. Mama Noh alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ndogo, ya msichana.

"Kwa hiyo ile furaha. Alfajiri, kwenye maombi, nikiimba, nasikia moyo umefunguka, nikadhani Bwana amenikumbuka uzeeni. Ilikuwa… ilikuwa ileile iliyomuua mume wangu?"

Deok-su aliketi kando yake. Alijikuna kisogo.

"Mama, mimi nimekunywa miaka hamsini, na naijua. Imenifanya nicheke, nilie, nitukane, nilale kwenye shamba la vitunguu la watu. Haijawahi hata siku moja kunifanya niamke alfajiri. Kuamka ulikuwa ni wewe."

Mama Noh akapenga kamasi kwa nguvu. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Nipe."

"Nini?"

"Hicho kidude. Kilichoko mfukoni."

"Mama Shemasi, hakuna haja. Utamwambia muuguzi pembeni, atarekebisha vidonge, yataisha. Mimi sitasema."

"Nimemwita mtu mlevi mbele ya kijiji," akasema Mama Noh, akiinuka, "halafu nijisafishe kwenye mitungi? Hebu nishike mkono. Ngazi hizi sina imani nazo."

Wakaingia pamoja. Mama Noh akaenda katikati ya ukumbi, akasimama kama mlingoti, akakishika kidude kwa mikono miwili kama bakuli la mkubwa, akapuliza.

Kidude kikalia. Kililia kwa bidii, bila aibu, na hakuna aliyepumua mpaka kiliponyamaza.

"Haleluya," akasema Bong-gu mlangoni, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Mama," akasema askari kwa woga, "umekuja hapa na nini?"

"Kwa kigari. Na nitarudi kwa miguu. Muuguzi Ban! Njoo uniulize lile swali uliloliruka."

Muuguzi Ban akaja, masikio yamemwiva. "Mama Noh. Unakunywa pombe?"

"Bakuli tatu kwa siku, pamoja na vidonge vyako. Sikujua. Andika yote mawili."

Upande wa pili wa ukumbi, Bok-nye alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Deok-su alidhani analia, mpaka alipoona mabega yake yanavyoruka.

*

Jumamosi mtungi uliletwa uani kwa Deok-su juu ya toroli, umefunikwa shuka kama mgonjwa. Kumwaga walishindwa, zilikuwa zabibu zilizotengwa kwa ajili ya Bwana, na Mchungaji Tak alisema kitu kilichotengwa hakimwagwi kwenye mtaro. Bok-nye ndiye aliyekata shauri.

"Pombe inaogopa moto. Tuuchemshe mpaka utubu."

Wakamimina kwenye chungu kikubwa cha chuma kile cha kuchemshia soya, wakawasha kuni, wakaongeza na sukari. Muuguzi Ban alikuwa amempangia Mama Noh vidonge upya na kumwambia aje apimwe kila wiki. Mama huyo sasa alikaa kwenye kigoda akikoroga kwa mwiko mrefu, uso wake wa rangi ya kawaida, ya mtu wa umri wake, akilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Mvuke ulipoanza kupanda, Bong-gu na wenzake walionekana nje ya ukuta, upande upepo ulikoelekea, wamejipanga mstari, wanavuta pumzi ndefu.

"Nendeni zenu!" akapiga kelele Mama Noh.

"Tunapita tu, mama," wakajibu, hawakusogea.

Na Jumapili Deok-su akabatizwa, amevaa shati lake jeupe. Maji yalikuwa ya baridi, yakamshuka mgongoni, akatoa sauti isiyofaa kanisani. Kisha trei ya vikombe vidogo ikaanza kupita kwenye mabenchi, na kila aliyepokea kikombe alikishika tu. Hakuna aliyekunywa. Waligeuza vichwa, mmoja mmoja, wazee kwa vijana, mpaka kanisa zima likawa linamtazama yeye. Hata Mchungaji Tak mimbarini alisita, kikombe hewani. Mama Noh, benchi la mbele, alikuwa amegeuka kabisa, mkono mmoja nyuma ya sikio.

Deok-su alielewa. Hakuwahi kuaminiwa hivi na watu wengi kwa wakati mmoja. Akanusa. Akanywa, akaizungusha ulimini, mbele, nyuma, chini ya ulimi, hana haraka. Bok-nye aliufinya mkono wake mpaka vidole vikafa ganzi.

Ilikuwa tamu, nzito, yenye moshi kidogo wa kuni. Kifuani haikushusha joto lolote.

"Zabibu," akasema.

"Amina," likajibu kanisa, na wote wakanywa.

Bok-nye alimeza cha kwake, akaweka kikombe chini, akainama kando ya mumewe kana kwamba anataka kumnong'oneza jambo.

"Fungua kinywa," akasema.